Nairobi hadi Mombasa kwa gari la stima, na deni la mlima wa kurudi

Alhamisi, Nairobi hadi Mtito Andei

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumeshaipita Mlolongo, magari mawili yakifuatana. Mbele ni Nissan Leaf ya 2018 yenye betri ya uniti 40. Mimi nimeshika usukani, mdogo wangu wa kike kando yangu na daftari mapajani. Yeye ni fundi wa stima wa kusomea, na bila yeye nisingeithubutu safari hii. Nyuma yetu ni Subaru Forester ya lita mbili ya rafiki yangu, mtu ambaye Safari Rally ikifika Naivasha hulala kwenye hema kando ya njia ya vumbi. Tangu ninunue Leaf amekuwa akiniambia kwamba gari la stima ni la kwenda sokoni na kurudi: zito, halina sauti, linaweza kuwaka moto, na Mombasa halifiki. Nilimwambia basi twende wote, barabara itujibu.

Wengi wakipiga hesabu ya mafuta ya Mombasa huhesabu kilomita tu, karibu 485, wakasahau kimo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kushuka kote huko, kwa gari lenye uzito wa kilo 1,800 pamoja na watu na mizigo, ni nguvu ya uniti nane hivi. Uniti ni zile zile za tokeni: kilowati moja kwa saa moja. Gari la petroli likiteremka, nguvu hiyo huishia kwenye breki na hewani kama joto. Leaf, ukiondoa mguu kwenye kanyagio, mota yake inageuka jenereta na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inarudi kwenye betri. Kwenda ni zawadi. Kurudi utalipa.

Kuna jambo ambalo mwenye gari la stima lazima alijue kabla ya kuondoka Nairobi. Betri ikiwa imejaa pomoni, haina pa kuuweka umeme unaorudi, kwa hiyo ule ushikaji wa mota unapungua sana na kazi yote inabaki kwa breki za kawaida. Sisi tuliondoka tukiwa asilimia mia kwa sababu tulihitaji kila uniti, na katika mteremko wa kwanza wa kwenda Athi River nilihisi wazi gari likiteleza kuliko nilivyozoea. Kufika Kyumvi nafasi ilikuwa imeshapatikana, na mguu mmoja ukatosha kuongeza na kupunguza mwendo.

Milima ya Salama ina kona, malori na misalaba kando ya barabara. Hapo ndipo nilipoanza kufurahia gari. Betri ya Leaf ina karibu kilo 300, na imelazwa chini ya viti, kwa hiyo uzito wote umekaa chini. Kwenye kona halilali upande. Linaingia na kutoka limetulia, na usukani huhitaji kuurekebisha mara mbili. Rafiki yangu alikuwa akitazama kutoka nyuma. Tulipofika Makindu aliniambia kwamba alitarajia kuona gari likiyumba, na halikuyumba.

Makindu tulipumzika kwenye hekalu la Masingasinga, ambalo tangu miaka ya 1920 linawalisha wasafiri bila kuuliza dini wala kabila. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa dengu, chapati na chai ya maziwa. Mzee mmoja aliyeketi karibu nasi alituuliza tumetumia mafuta ya pesa ngapi hadi hapo. Mdogo wangu alipiga hesabu kwenye daftari akamwambia ni kama mia sita. Mzee akamgeukia mwenye Subaru akamwuliza yeye. Kicheko kilikuwa kikubwa.

Mtito Andei tulifika mchana, betri ikiwa asilimia 16, baada ya kilomita 235 kwa mwendo wa 80, sawa na malori. Meneja wa nyumba ya wageni aliomba shilingi elfu moja na mia tano kwa kutumia soketi usiku kucha. Ni bei ya kukisia, kwani hakuwahi kuuzia mtu umeme wa gari. Kabla hatujachomeka, mdogo wangu alitoa kipimo chake akajaribu soketi za vyumba kadhaa. Mbili hazikuwa na waya wa ardhi, ule unaopeleka udongoni stima inayovuja. Ya tatu ilikuwa nayo. Waya wetu wa kurefushia aliukunjua wote ukalala chini, kwa sababu ukiuacha umezungushwa kwenye roda huku unapitisha ampea kumi kwa saa nyingi, unajipika wenyewe. Kila nusu saa alikuwa akienda kuigusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa vuguvugu, akaridhika. Watu hubishana sana juu ya usalama wa betri, lakini mimi nimeona hatari iliyo karibu nasi zaidi ni hii ya soketi ya bei rahisi iliyofungwa na mtu asiyejua kazi.

Ijumaa, Mtito Andei hadi Mombasa

Saa kumi na tano za kuchaji zikatujazia betri karibu yote. Baada ya daraja la mto Tsavo, karibu na Manyani, tulibadilishana magari. Hili ndilo nililolitaka zaidi katika safari nzima, kwa sababu mpenzi wa magari haelezwi, anapewa ufunguo.

Mimi kwenye Forester nilikumbuka kwa nini Wakenya wanaipenda hivyo. Injini yake ya boksa, silinda zikiwa zimelala ubavu, mbili kila upande, huuweka uzito chini, magurudumu yote manne yanavuta, na usukani unakuambia kila changarawe. Nilipotoka kwenye lami kidogo kuipisha basi iliyokuja kwa kasi, haikushtuka hata kidogo. Kwenye ukingo ule uliomegeka Leaf, iliyo chini zaidi, ingenitaka tahadhari.

Yeye kwenye Leaf aliendesha kimya hadi akakuta trela limebeba kontena. Njia ilikuwa wazi. Akakanyaga. Hakuna kungoja gia ishuke, hakuna injini kupanda sauti. Nguvu yote iko pale tangu kanyagio linapoguswa. Aliposimama kando ya barabara na kushuka, maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Ndugu yangu, hii haina kungoja." Kisha akaongeza, na ni haki yake, kwamba usukani ni mwepesi mno kwa mkono wake, na kwamba kwenye matuta uzito unahisika gari linapotua.

Nilimwambia jambo ambalo nawaambia wote wanaonunua gari la stima kwa ajili ya kupita malori. Chukua trela la mita 20 linalokwenda 70, nawe unalipita ukiwa 100. Ukihesabu na nafasi ya kuacha mbele na nyuma, utakuwa upande usio wako karibu sekunde nane, na katika sekunde hizo utakuwa umekwenda mita zaidi ya 200. Anayekuja mbele naye kwa 100 atakuwa amekuja mita zile zile. Bila mita zaidi ya 450 za barabara iliyo tupu, usitoke. Mota yenye nguvu inakupunguzia muda wa kufikia ile 100, hesabu nyingine zote hazibadiliki. Na kwa kuwa gari halipigi kelele, dereva hajisikii kama anakwenda kasi. Naogopa sana vijana watakaolijua gari hili kwenye barabara hii kabla hawajaijua hesabu hiyo.

Voi tulikula wali na maharagwe huku gari limechomekwa kwenye mkahawa. Saa mbili zikatupa kilomita 30 tu, akiba ya kutuliza moyo. Joto lilikuwa kali, na Leaf haina maji ya kupoza betri, inategemea upepo. Nilikuwa nikiitazama mshale wa joto la betri Taru nzima, ukapanda kidogo ukasimama. Wenye mpango wa kununua Leaf kwa ajili ya Pwani wautilie maanani mshale huo, na kabla ya kulipa wahesabu vile vijistari 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Kikikosekana kimoja, betri imeshapoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake.

Mariakani kulikuwa na foleni ya mizani, watu wakikatiza kati ya magari. Hapa ndipo ukimya wa gari unapotaka akili. Kwa mwendo mdogo Leaf hutoa mlio mwembamba wa kuwaonya watu, na Ulaya kifaa hicho ni lazima kwa magari mapya yote ya umeme tangu 2021, lakini mlio ule hausikiki kando ya lori la dizeli. Nilipita polepole, dirisha wazi, mkono nje.

Mteremko wa Mazeras tuliushuka bila kugusa breki zaidi ya mara chache. Makupa tuliivuka magharibi ikiingia.

Jumamosi na Jumapili, Mombasa

Tulifikia kwa ami yetu, Majengo. Ami aliendesha matrela ya Mombasa hadi Kampala kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na hakuna mtu ambaye maoni yake kuhusu barabara nayaheshimu zaidi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Hili ndilo gari lisilokunywa?"

Alilizunguka, akainama kutazama chini, hakuona bomba la moshi, akacheka. Lakini swali lake la kwanza halikuhusu bei wala kasi. Aliuliza, "Kwenye mteremko linajishika vipi?"

Nilimweleza habari ya mota kugeuka jenereta. Alikaa kimya kidogo, kisha akatusimulia Salgaa. Mteremko ule wa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret umeua watu wengi sana, na chanzo kimoja kinachojulikana na kila dereva ni kutoa gia. Dereva wa lori akitaka kubaki na mafuta kidogo ya kuuza au kuokoa, anaiacha gari ishuke yenyewe, bure, bila gia, akitegemea breki. Breki zikipata moto zinakufa. "Sisi," akasema Ami, "kuokoa mafuta na kuokoa roho vilikuwa njia mbili. Ukifuata moja umeiacha nyingine. Sasa hili lako unaniambia likijishika mteremkoni ndiyo linaongeza mafuta?"

Ndiyo, Ami. Ndivyo hasa. Nimesikia mabishano mengi ya wapenzi wa magari, nguvu za farasi ngapi, sekunde ngapi kufika mia, lakini swali la Ami ndilo lililonionyesha kitu ninachokipenda zaidi katika gari hili. Mteremkoni mwenye ubahili na mwenye tahadhari wanafanya kitendo kimoja. Natamani siku moja malori ya barabara hii yawe hivyo, kabla ya magari yetu madogo.

Kisha akanigeuzia upande wa pili. "Na moto je? Na stima yenyewe, si inatoka Kipevu, kwenye mitambo ya dizeli pale?"

Kuhusu moto nilimweleza hesabu ya Sweden ya 2022, ambako magari ya umeme yaliyowaka yalikuwa 23 tu, chini sana kwa uwiano kuliko ya petroli na dizeli. Nikamwambia pia upande mgumu: betri ikiwaka, moto wake hauzimiki upesi, unataka maji mengi mno na unaweza kurudi baada ya kuonekana umezimika, na vikosi vyetu vya zima moto vinastahili kufundishwa jambo hilo sasa. Mdogo wangu akamwonyesha nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti. "Ami, hizo ndizo zisizoguswa na fundi wa kando ya njia. Zinabeba volti mia tatu na zaidi."

Kuhusu Kipevu, mitambo ile bado husaidia Pwani, lakini karibu sehemu tisa kwa kumi za umeme unaozalishwa Kenya hutoka kwenye vyanzo visivyochoma mafuta, hasa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mabwawa ya Tana, na upepo wa Turkana. Petroli ya Subaru ilikuja kwa meli, ikashushwa bandarini, ikasukumwa kwa bomba hadi Nairobi. Kila tarehe 14 ya mwezi Wakenya tunangoja tangazo la bei yake tukiwa tumeshika roho. Oktoba 2023 petroli ya super ilifika shilingi 217.36 Nairobi. Stima nayo si rahisi, na bei yake hupanda na kushuka, lakini inatoka kwetu.

Usiku huo gari lilichajiwa kwa mita ya Ami. Alikaa na kurunzi akiisoma, namba zikipungua, hadi mkewe akamwita akalale. Asubuhi zilikuwa zimekwenda uniti 37. Tukamnunulia tokeni za zaidi.

Jumatatu, Mombasa hadi Voi

Tuliondoka pamoja na Subaru, na baada ya Miritini nikamwona akipotea mbele. Alipaswa kuwa kazini kesho yake. Aliniandikia kabla ya magharibi kwamba yuko nyumbani Nairobi anakunywa chai. Sisi tulikuwa Voi tangu mchana, betri asilimia 24, tukitafuta soketi.

Hesabu ya mlima ilianza kuonekana mapema. Kilomita 155 za kwenda Voi, zenye mpando wa mita zaidi ya 500, zilikula karibu umeme uliotutosha kilomita 200 tuliposhuka. Mlima wa Mazeras, ule ule ulioturudishia, ulidai chake chote. Kwenye msikiti wa Mackinnon Road tulisimama mdogo wangu aswali, nami nikapunguza mwendo kuanzia hapo hadi 75.

Jumanne, Voi hadi Makindu

Siku ya kuchosha. Tembo walikuwa mbali upande wa Tsavo Mashariki, wekundu kwa udongo. Malori yalitupita, jambo lisilo la kawaida kwa gari dogo, na baadhi ya madereva walipiga honi. Tukafika Makindu na asilimia 19. Chumba, soketi, kipimo, waya kukunjuliwa. Chakula hekaluni.

Jioni tulifanya hesabu kamili. Forester ilishuka Mombasa kwa lita 44 na kupanda kwa karibu lita 50. Kwa bei ya wakati huo ya shilingi 185 hivi ni zaidi ya 17,000. Leaf, kwenda na kurudi, ikihesabiwa kwa bei ya tokeni za nyumbani ya karibu shilingi 30 kwa uniti, haitafika 6,000. Lakini tumelala njiani usiku tatu, watu wawili, na kila soketi ilikuwa na bei yake ya kukisia. Akiba yote imekwenda kwenye malazi. Anayekwenda Mombasa mara kwa mara, mwenye haraka, na asiye na chaja ya kasi ya kutegemea njiani, simshauri leo anunue Leaf ya uniti 40 kwa ajili hiyo.

Mjini ni habari nyingine kabisa. Mimi huendesha kama kilomita 50 kwa siku: uniti nane, shilingi 240. Forester kwenye foleni ya Nairobi ingetaka lita tano, zaidi ya 900. Hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi za injini, na pedi za breki zinadumu kwa sababu hazifanyi kazi kubwa. Na mwaka 2023 ilianzishwa bei maalumu ya umeme wa magari, wakati huo shilingi 16 kwa uniti mchana na 8 usiku kabla ya kodi na tozo, kwa aliyefungiwa mita ya kazi hiyo. Hapo mwenye petroli hana la kujibu.

Jumatano, Makindu hadi Nairobi

Kilomita 165 na mpando wa karibu mita 700. Emali, Sultan Hamud, kisha Salama. Kwenye mpando wa Salama trela mbele yetu lilikuwa likitambaa kwa 20, moshi mweusi ukifunika barabara. Njia ya kupita ilikuwa wazi hadi juu kabisa ya kilima, naliona hilo vizuri, nikakanyaga, na gari likapanda kana kwamba hapakuwa na mlima. Baada ya siku tatu za kubana umeme, ilikuwa raha kubwa.

Nyumbani tuliingia na asilimia 13.

Rafiki yangu alikuja jioni. Tulibishana hadi usiku, na bado hauzi Subaru yake. Anasema usukani wa Leaf haumwambii kitu, na Naivasha haendi na gari lisiloweza kwenda nje ya lami. Nakubaliana naye kwa yote mawili. Lakini mkewe huendesha kutoka Kitengela hadi mjini kila siku, na petroli ya mwezi ameshaihesabu upya kwa kalamu. Kabla ya kuondoka, rafiki yangu alimwuliza mdogo wangu kama soketi ya gereji yake inafaa kuchajia gari, na waya wa ardhi wa nyumba yake ulifungwa lini. Jumamosi mdogo wangu anakwenda kuupima.